Sukari kwa Kijiko

Tusipotezeane muda: siku ile mjinga alikuwa yeye. Si mama yake, ingawa najua wapo wasomaji ambao kesi yoyote ya mapenzi huianzia kwa mama mkwe. Wala si shangazi yake, ingawa shangazi alijitahidi sana kuistahili lawama hiyo. Alikuwa yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye shahada mbili na shati lililonyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola, aliyeamka Jumapili ile akiwa na mchumba, na mchana haujapita akawa hana hakika kama bado anaye.

Kazi yake ilikuwa utafiti wa afya. Aliwafuatilia watu wenye magonjwa ya kudumu, kisukari hasa, mwaka baada ya mwaka: nani anaendelea vizuri, nani figo zimemchokea, nani macho yamemsaliti, na matibabu yanameza kiasi gani cha kipato cha nyumba. Kutwa alikuwa kliniki, akiwauliza watu maswali ambayo hata mke hathubutu kumuuliza mumewe. Wenzake walimwita Mtafiti, na jina likamfuata hadi nyumbani kwao kama paka aliyeonja maziwa.

Mchumba mwenyewe mtaa mzima ulimwita Miwani, kwa kuwa ndiye mwenye lile duka dogo la miwani linalotazamana na benki. Anapima macho, anakata vioo, anakaza skrubu ambazo wewe na mimi tungezidhani ni uchafu wa mezani. Walijuana siku Mtafiti alipokalia miwani yake mwenyewe. Miwani alimwingiza kwenye chumba cha kupimia, akazima taa kubwa, akasogeza kitaa chake kidogo, akainama mpaka pumzi zao zikasalimiana, kisha akasema vile anavyowaambia wateja wote: "Tazama sikio langu la kulia. Usipepese." Mtafiti akatazama. Wapo waliopendea macho, wapo waliopendea mwendo. Yeye alipendea sikio, lenye kipuli kidogo cha fedha, na alipotoka pale alikuwa ameagiza pea mbili za miwani wakati anahitaji moja.

Baada ya wiki chache za kurudi dukani kila mara kukaza skrubu ambazo hazijalegea, Miwani alimkalisha kitako akamwambia mwenyewe. Ana kisukari tangu utotoni, kile cha kuchoma sindano ya insulini kila siku. Anajua Mtafiti anafanya kazi gani. Kwa hiyo achague mapema.

"Niwe kwenye utafiti wako, au niwe kwenye maisha yako. Kote kuwili sikai."

Mtafiti alichagua kabla sentensi haijafika mwisho. Ila kuchagua ni jambo moja, na kuacha mazoea ya kazi ni jambo jingine kabisa, kama tutakavyoona.

Nyumbani, habari haikupokewa kwa vigelegele. Mama yake, karani mstaafu wa posta, mwanamke mpole ambaye maisha yake yote alipokea vifurushi vya watu bila kuuliza kuna nini ndani, alisikia kwamba mwanawe anaoa mgonjwa wa kisukari akasema, "Mh." Mh ile ilikaa mezani wiki nzima. Ilipokataa kuondoka, mama akampigia simu wifi yake.

Huyo sasa ndiye shangazi. Dada mkubwa wa marehemu baba, mjane, sauti nzito, mkono mwepesi. Katika ukoo ule hata jina la mtoto halipiti bila yeye kulitia ulimini kwanza kuona kama lina ladha. Shangazi alituma jibu fupi: hana neno na binti, ana neno na ugonjwa, na wote wawili waletwe Jumapili awaone.

Ndiyo Jumapili yenyewe.

Mwanzo ulikwenda vizuri hata ungemtia mtu wivu. Miwani aliingia na gauni la bluu na kile kipuli cha fedha, akaamkia shikamoo mbili zilizotulia, akapokewa marahaba mbili, moja ya mama, ya upole, na moja ya shangazi, ya ukaguzi. Alikaa kwenye kochi. Akaulizwa kwao wako wangapi, akajibu. Akaulizwa duka linakwendaje, akajibu. Kisha akamtazama shangazi usoni kwa muda, kichwa kakiinamisha kidogo.

"Shangazi, samahani. Hiyo miwani yako inalalia upande mmoja. Ikifika jioni kichwa hakikuumi?"

"Nani kakwambia?"

"Pua yako. Ina alama upande wa kushoto tu."

Akaiomba, akaushika mkono wa ile miwani, akaupinda kwa kidole gumba kama mtu anayenyoosha nywele za mtoto, akamrudishia. Shangazi akaivaa. Akatikisa kichwa, haikuteleza. Akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza, haikuanguka. "Yaani miaka yote hii," akasema taratibu, "nimekuwa natembea na kidole puani kama mtoto wa chekechea." Mama akacheka, Miwani akacheka, na Mtafiti, kwenye kiti chake karibu na televisheni, akaanza kuona mlango unafunguka.

Mama akasema chakula kimeiva, anapakua sasa hivi. Aliposikia hivyo, Miwani akaomba aonyeshwe maliwato, akaenda na kile kipochi chake kidogo. Mtu yeyote aliyeishi na mwenye kuchoma insulini anajua maana yake: anachoma, na akishachoma, anakula. Asipokula, ile dawa inaishusha sukari mpaka anaanza kutetemeka. Mtafiti alilijua hilo kuliko watu wote nyumba ile. Amewahi kuliandikia kurasa na kurasa, na likachapishwa.

Hapo hapo ndipo alipokohoa.

"Mama, kabla hujapakua. Shangazi. Naomba dakika chache. Nina jambo fupi."

Mtafiti akikwambia jambo lake ni fupi, legeza mkanda. Alivuta mkoba wake, akatoa kompyuta, akatoa waya, akauchomeka kwenye televisheni ya mama yake. Picha ya mchezo wa kuigiza aliokuwa anaufuatilia mama ikapotea, na mahali pake yakatokea maneno makubwa ya samawati: *Kuishi na Kisukari: Matokeo na Gharama*.

Mama akauliza kama ndizo picha za kwao binti. Akaambiwa hapana, ni slaidi.

Miwani akarudi kutoka maliwato akasimama mlangoni. Aliitazama televisheni. Akamtazama mchumba wake kwa jicho ambalo mwanamume mwenye akili timamu angelielewa hata kama amefumba yake. Mtafiti akamtabasamia na kumwonyesha kochi, kama vile amemwandalia zawadi. Miwani akakaa.

Nisiwachoshe na slaidi zote. Tunaomhurumia Miwani ni wengi wa kutosha. Alieleza aina za kisukari. Alieleza dawa za siku hizi si kama za zamani. Kisha akaleta mchoro aliokuwa akiutegemea kama wakili anavyotegemea shahidi wake wa mwisho: mistari miwili, mmoja mwekundu unaoporomoka kama mtu aliyekosea ngazi, mwingine wa kijani unaoteremka polepole. Mwekundu, akasema, ni wale wasiopata matibabu ya uhakika. Wa kijani ni wale wanaojitunza na kuhudhuria kliniki.

"Na mstari huo ni mstari wa nini?" aliuliza shangazi.

"Ni wale ambao, baada ya miaka fulani, bado... wapo."

"Wapo wapi?"

"Hai, shangazi."

Shangazi akasogea mbele kwenye kiti, miwani yake imekaa sawasawa, kwa bahati mbaya.

"Sasa huyu binti ni mstari gani?"

"Huu wa kijani. Kabisa. Hata juu yake kidogo."

"Na wa kijani nao mbona unashuka?"

"Yote inashuka, shangazi. Hata wangekuwa watu wazima wa afya tu, ungeshuka. Hata wewe na mimi tunashuka."

"Mimi nimekaa," alisema shangazi.

Ungedhani angeishia hapo. Lakini mtu aliyezoea kuelezea hupata joto kadiri asivyoeleweka. Akaenda kwenye gharama. Akaleta duara lililokatwa vipande kama keki, akaeleza kwamba kipande hiki ni chakula, hiki ni kodi ya nyumba, na hiki kikubwa cha manjano ndicho ambacho kaya yenye mgonjwa hutumia kwa dawa, vipimo na nauli za kwenda kliniki. Mama akauliza kaya ndiyo nini. Akaambiwa ni nyumba, familia. Mama akakitazama kile kipande cha manjano kwa muda mrefu, mikono mapajani, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama hicho ndicho mwanawe atakachokuwa analipa maisha yake yote. Naye badala ya kusema ndiyo, mama, na nitalipa huku naimba, akasema inategemea na bima.

Wakati huo wote alikuwa amempa kochi mgongo. Asingempa, angeona. Angeona mdomo wa juu wa Miwani umeanza kulowa jasho, angeona vidole vinavyokaza skrubu visivyotikisika vimeanza kutikisika. Alikuwa kwenye slaidi ya *Dalili za Sukari Kushuka*, anasoma kwa sauti, "jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hasira za ghafla," Miwani aliposimama nyuma yake.

"Samahanini," akasema. "Naenda kunywa maji."

Mtafiti akageuka, akaona mgongo wa gauni la bluu ukipotelea koridoni. Ameudhika, akawaza. Alitaka kumfuata, lakini mama akauliza swali jingine la bima, na mtoto aliyelelewa vizuri hamwachi mama yake na swali mkononi. Alijibu huku masikio yameelekea mlango wa nje, akisubiri kuusikia ukifungwa. Haukufungwa. Na hilo likamtisha zaidi.

Shangazi ndiye aliyechoka kwanza. Akainuka kwenda kuangalia chakula, na baada ya muda kidogo sauti yake ikatoka jikoni, tulivu kwa namna ambayo haikumpendeza mtu yeyote.

"Wifi. Njoo ujionee."

Walikwenda wote wawili, Mtafiti mbele. Miwani alikuwa amekaa juu ya kigoda karibu na jiko, kopo la sukari limepakatwa kama mtoto mchanga, kijiko kimejaa mdomoni. Chembe nyeupe zilikuwa zimemmwagikia kifuani kwenye lile gauni la bluu. Shangazi alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Sisi tumekalishwa darasani juu ya sukari ya huyu binti," alisema shangazi, "na binti mwenyewe yuko huku anaila kwa kijiko."

Miwani akainua kidole kimoja: subirini. Hakuweza kuongea. Akachota kijiko kingine. Mtafiti akautazama ule mkono unavyotetemeka, akalitazama lile paji la uso linavyong'aa kwa jasho, na ndipo shahada mbili zilipomrudia zote kwa pamoja, zimechelewa.

Akapiga magoti sakafuni.

"Ulishachoma?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kabla sijaanza?"

Akaitikia tena, na jicho aliloambatisha halikuhitaji mkalimani.

Basi hapo hakusema takwimu hata moja. Aliushika mkono wake, ulikuwa wa baridi na umelowa, akaushikilia. Akamwomba mama maji, mama akaleta. Shangazi aliuliza kuna nini, kuna nini hasa, na Mtafiti akamweleza bila kumwachia Miwani mkono: amechoma dawa kwa sababu aliambiwa chakula tayari, na chakula hakikuja kwa sababu kuna mpumbavu mmoja aliyesimama mbele ya televisheni. Sukari imeshuka. Anaipandisha.

Wakangoja. Sufuria ilikuwa ikichemka kwa utaratibu wake, haina habari na mtu. Polepole jasho likakauka. Vidole vikatulia ndani ya kiganja chake, kimoja kimoja, kama ndege wanaokubali kutua. Miwani akatoa kipimo kwenye kipochi, akajitoboa kidole, akasubiri, akatazama, akamgeuzia Mtafiti kioo cha kipimo. Mtafiti akashusha pumzi ndefu hata mama naye akajikuta anashusha yake, bila kujua alikuwa ameishikilia tangu lini.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza shangazi.

"Ndiyo hivyo tu, shangazi." Sauti ya Miwani ilikuwa imerudi, na ndani yake kichekesho kidogo. "Ikishuka, nakula. Ikipanda, nachoma. Katikati hapo nauza miwani."

Shangazi akalitazama lile kopo la sukari. Akalitazama tena. Unaweza kumwona mtu akiwa anahamisha samani kichwani, na hivyo ndivyo alivyokuwa. Mama akamshika mkono, akamwambia twende tukapange meza, wifi, na shangazi, kwa mara ya kwanza siku ile, akaenda alikoambiwa.

Wakabaki wawili. Mtafiti hakuinuka sakafuni.

"Nisamehe."

"Kwa lipi? Yako mengi, chagua."

"Kwa kuchelewesha chakula."

"Hilo ndilo dogo." Miwani alijipangusa sukari mdomoni kwa mgongo wa mkono. "Umenianika, mpenzi. Umeniweka kwenye televisheni ya mama yako, na mimi mwenyewe nimekaa pale kwenye kochi. Ungenyoosha mkono ungenigusa."

"Nilitaka kukutetea."

"Kwa nani? Mama yako alikuwa anaenda kupakua. Shangazi yako nilikuwa nimeshampata, nimeushika mkono wa miwani yake, alikuwa ananitazama kama mtoto wake. Aliyetaka kusadikishwa mule ndani alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeshika waya."

Hilo lilimwingia. Alitazama vigae vya sakafu. Akasema ukweli, ambao hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba tangu siku ile Miwani alipomkalisha kitako, amekuwa akiingiza umri wa mchumba wake kwenye programu ya ofisini inayokadiria mgonjwa ataishi miaka mingapi. Umri wake, na umri alioanza kuugua. Kila akimwona amechoka, anarudi kuingiza upya, kama mtu anayerudi kuangalia kama amefunga mlango.

"Na inasemaje?"

"Inasema vizuri. Kila mara inasema vizuri."

"Na bado hulali."

"Bado silali."

Hasira ya Miwani ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imekaa kitako, haisimami tena.

"Watu waliomo humo kwenye hiyo programu yako, mimi nimo?"

"Ulikataa kuingia."

"Basi hainijui. Mimi ndiye ninayejijua. Niulize mimi."

"Nikuulize nini?"

"Hilo unaloliogopa."

Mtafiti, aliyewahi kuwauliza maelfu ya watu kuhusu figo zao, vidonda vyao na madeni yao bila kupepesa, akaliuliza hili kwa kunong'ona. "Unaogopa?"

"Macho," alisema Miwani hapo hapo, kana kwamba jibu lilikuwa limesimama mlangoni miaka mingi likisubiri kufunguliwa. "Kila mwaka mwenzangu akinipima natetemeka kuliko ulivyoniona leo. Mtu ninayeishi kwa macho ya wenzangu. Na mimba, siku ikija, nitaogopa. Figo siziogopi, sijui kwa nini, labda kwa kuwa zimekaa kimya. Na leo nimeogopa."

"Ilivyoshuka?"

"Hiyo nimeizoea tangu shuleni. Nimeogopa kwamba nikiolewa na wewe, nitaishi na mkaguzi wa kila kijiko."

Akasema hayo huku ameshika kijiko, na wote wawili wakakitazama. Nani alianza kucheka haijulikani. Najua tu kwamba jikoni kulisikika kicheko cha watu wawili waliokuwa karibu sana kulia, na sebuleni sahani zikanyamaza kidogo ili zisikie vizuri.

"Nifanyeje?" aliuliza Mtafiti.

"Ukiogopa, niambie naogopa. Usiniletee mchoro."

"Naogopa."

"Haya. Na mimi pia. Sasa tupo wawili."

Akamlazia kichwa gotini, pale pale penye chembe za sukari, na Miwani akampitisha vidole nywelani. Vilikuwa vimetulia kabisa, na vya joto. Kitu kizito alichokuwa amekibeba kifuani kwa miezi, akidhani ni elimu, kikateremka taratibu. Angeweza kukaa pale mpaka magoti yaote mizizi, kama mama asingeita kwa sauti ya posta kwamba chakula kiko mezani na safari hii hakuna hotuba.

Walikula kama watu waliookoka. Mama alimpakulia Miwani kwanza kabla ya wote, akamwambia kuanzia leo akija nyumba hii chakula kitakuwa kimemtangulia mezani, na atakayetaka kusema neno atalisema wakati watu wanakula matunda. Halafu, akiwa anamwagia mwanawe mchuzi, akatamka kwamba yeye hana neno tena. Alikuwa na hofu ya kitu asichokijua sura. Sasa amekiona, kina kijiko mdomoni.

Mtafiti alitaka kuinuka amkumbatie. Shangazi akaweka glasi chini.

"Mimi bado ninalo."

Alisema bila ukali. Alimtazama Miwani, si Mtafiti.

"Nimekupenda, mwanangu, nisikufiche. Lakini mume wangu aliumwa figo, na mimi ndiye niliyemuuguza. Pale hospitali kando ya kila kitanda kuna kiti cha plastiki. Changu mguu mmoja ulikuwa umekatika ncha. Nilikikalia mpaka nikajua kinalia wapi nikiinama kumlisha, na kinalia wapi nikisinzia. Alipofariki, watu walidhani namuota yeye. Nilikuwa naota kiti. Sasa huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Sitaki akikalie."

Mama alikuwa ameinamia sahani. Mtafiti alihisi takwimu zikimpanda kooni zote kwa foleni: siku hizi wachache wanafika huko, dawa zimebadilika, mstari wa kijani. Miwani hakumtazama. Alimsubiri tu. Naye akazimeza, zikashuka kwa shida kama kidonge bila maji.

"Nitakikalia, shangazi," alisema.

"Hujui unachokisema."

"Sikijui. Naogopa, na nitakikalia. Na huenda ikawa yeye ndiye atakayekikalia kwa ajili yangu, maana ngazi za ofisini nazipanda nikipumua kama treni."

Mama alichekea ndani ya leso. Shangazi hakucheka, ingawa shavu moja lilitaka.

"Hayo ni maneno ya tumbo lililoshiba. Mimi sisemi msioane. Nasema subirini. Mwaka mmoja, miwili, tuone hali yake inakwendaje. Hamjazeeka. Haraka ya nini?"

Lilikuwa ombi la haki, limeombwa kwa sauti ya haki, na Mtafiti alijua mama yake angelikubali, na yeye mwenyewe, kwa heshima, pengine angelikubali pia. Miaka miwili ya kusubiri kuona kama mtu ataharibika. Alimtazama Miwani. Miwani alikuwa amemgeukia shangazi, kichwa kakiinamisha kidogo, vile vile anavyowatazama watu anapotaka kujua tatizo liko wapi.

"Shangazi, naomba nikuulize, na usiponijibu sitaudhika. Siku ile mumeo alipokuja kukuposa, kama angekwambia kabisa kwamba figo zitakuja kumuua, na kwamba kile kiti kinakusubiri, ungemkataa?"

"Nimkatae?" alisema shangazi, na macho yalikuwa yamemjaa nyuma ya ile miwani iliyonyooka. "Ningemkubalia jioni ile ile, nisingemzungusha mwaka mzima nikijitia sina haraka."